Breki Ilipoachiwa

Asubuhi ile mama alinikuta nimejikunja jikoni, nimevaa sweta juu ya sweta, na joto la Dar es Salaam mwezi wa pili mnalijua. Kamasi zinanitoka, napiga miayo mfululizo, tumbo linaendesha, ngozi imesisimka kama ya kuku aliyenyonyolewa. Akadhani malaria. Nikamwambia, "Mama, siyo homa. Ni arosto." Neno hilo hakulijua. Nilipomweleza kwamba ni maumivu ya kukosa heroini, alikaa kwenye kigoda chake cha kupikia akalia.

Nilikuwa konda wa daladala. Unga, yaani hiyo heroini, nilianza kwa kuvuta, umechanganywa na bangi kwenye msokoto. Jamaa mmoja kituoni aliniambia utanitoa uchovu. Kweli ulinitoa. Nalisema hilo wazi kwa sababu kijana aliyeambiwa kwamba unga ni mchungu tangu siku ya kwanza, akionja akakuta raha, hatatuamini tena kwa lolote. Baada ya miezi kadhaa kete moja, kile kipakiti cha unga, haikutosha. Zikawa mbili, zikawa nne, na ile stimu ya mwanzo haikurudi kamwe. Nikawa nanunua ili nisiumwe tu.

Niliitwa mwizi, na mwizi nilikuwa: niliuza redio ya mama na mtungi wa gesi wa jirani. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kujidunga, na zahanati moja niliyokwenda na jipu la sindano, mhudumu alinifukuza mbele ya watu. Nyumbani walinisomea, wakaniombea, nami niliamini nina pepo. Hakuna aliyenieleza kinachonipata mwilini mpaka nilipofika kliniki ya methadoni ya Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 2011.

Mshauri wa pale aliposikia kazi yangu akanieleza kwa lugha ya gari. Heroini ikifika kwenye ubongo hugeuka mofini, ikakalia vipokezi ambavyo mwili umeviweka kwa ajili ya dawa yake wenyewe ya kutuliza maumivu, endofini. Hapo inakanyaga breki: pumzi inapungua, usingizi unakuja, choo kinafunga. Ubongo unataka uishi, kwa hiyo nao unakanyaga mafuta kushindana na breki hiyo. Ukitumia kila siku, mguu haubanduki kwenye mafuta. Ndiyo maana dozi ya jana haitoshi leo. Siku ukikosa kete, breki imeachiwa ghafla na mafuta bado yamekanyagwa. Moyo unakimbia, jasho linatiririka, tumbo linafunguka, mifupa inauma, usingizi hakuna. Hali hiyo huanza saa chache baada ya kete ya mwisho, hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea polepole kwa muda wa wiki hivi.

Nililia mbele yake. Miaka yote ile nilikuwa nateswa na mwili uliokuwa unajitahidi nisife.

Methadoni nayo ni ndugu wa mofini, hilo sikufichwa. Ila inaingia taratibu na inakaa mwilini siku nzima au zaidi, kwa hiyo hakuna kupaa wala kuanguka. Nilikuwa nainywa kila siku mbele ya nesi, kisha nasema kwa sauti, "Asante, dada," ahakikishe nimemeza. Wiki ya tatu nililala usiku kucha. Nilipoamka nikasikia harufu ya maandazi ya mama, nikashikwa na njaa. Njaa ya chakula! Nilikuwa nimeisahau.

Rafiki yangu wa maskani hakufika huko. Alifungwa miezi sita, akatoka mzima, amenenepa. Siku ileile alijidunga kipimo chake cha zamani. Mwili ulikuwa umeshakisahau, mguu umetoka kwenye mafuta. Breki peke yake ikasimamisha pumzi. Tulimkuta kwenye choo cha stendi, midomo imekuwa ya bluu.

Kwa hiyo wewe mwenye mwana au ndugu anayetoka gerezani, au uliyemfungia chumbani wiki mbili ukaona amepona: siku hizo za mwanzo ndizo za hatari kuliko zote. Usimwache peke yake. Mpeleke kliniki, na ukae naye kwenye foleni. Mama yangu alikaa nami siku ya kwanza tangu saa kumi na mbili asubuhi, na kigoda chake alikibeba.