Uzito wa Kifyatulio



Katika mkutano mmoja wa vijana hapa Kingi tuliulizwa swali ambalo hatukulitarajia. Kijana alikuwa ametazama katika simu fundi wa nchi ya mbali akiifungua bastola ya mashindano, akitoa springi zake, ambazo sisi huku tunaziita resori, na kutia nyingine nyepesi zaidi. Akauliza: kwa nini mtu ahangaike hivyo, na je, kuna jema lolote la kujifunza katika chombo cha namna hiyo? Wengine walinung'unika. Katika vilima hivi vya Masisi, na kwa ndugu zetu wa misitu ya Walikale, bunduki haituletei wazo la mchezo. Inatuletea wazo la shamba lililoachwa na maharagwe yake hayajavunwa. Hata hivyo, swali la kweli linastahili jibu la kweli.

Kupiga shabaha kwa bastola ni mchezo wa Olimpiki tangu Athens mwaka 1896. Hata katika Afrika yetu ya Mashariki unachezwa: huko Kirigiti, katika kaunti ya Kiambu nchini Kenya, kuna uwanja wake. Katika shindano la bastola ya hewa, mchezaji husimama mita 10 mbele ya shabaha, na duara la alama kumi lina upana wa milimita 11.5 tu. Mkono ukitikisika kidogo sana, alama imepotea.

Sasa tuitazame bastola ya risasi kwa ndani. Springi yenye nguvu huisukuma nyundo, na jino dogo la chuma huizuia. Kidole kikivuta kifyatulio, jino huondoka, nyundo huanguka, pini hugonga fataki ya risasi. Springi nyingine hukirudisha kifyatulio mahali pake. Bastola nyingi za askari hudai mvuto wa kilo mbili na zaidi, na mara nyingi mvuto huo unaushinda uzito wa bastola yenyewe. Kwa hiyo kidole kinachovuta kwa nguvu huiyumbisha kabla risasi haijatoka. Ndiyo sababu fundi hutia springi nyepesi, husugua jino mpaka liteleze bila kukwaruza, na kupunguza mwendo wa kifyatulio.

Lakini kila wepesi una bei yake. Springi ya nyundo ikiwa dhaifu mno, pini hugonga fataki bila kuiwasha. Springi ya kurudisha ikiwa dhaifu, kifyatulio hubaki nyuma. Na jino likisuguliwa kupita kiasi, bastola huweza kufyatuka kwa kuanguka au kutikiswa tu. Hapo tendo limetendeka pasipo mtu kulitaka.

Kwa hiyo shirikisho la kimataifa la mchezo huo limeweka mpaka. Kifyatulio cha bastola ya hewa ya mita 10 kisivutike kwa uzito ulio chini ya gramu 500. Cha bastola ya mita 25, chini ya gramu 1000. Mwamuzi huelekeza mtutu juu, hutundika uzito huo kwenye kifyatulio, na kifyatulio lazima kiubebe. Kikishindwa, bastola hiyo hairuhusiwi, hata kama mwenyewe ni bingwa.

Hapo ndipo fikara zetu zilipotua. Wachezaji hao hutafuta wepesi kwa bidii zote, na bado sheria yao inasema: kati ya kidole na tendo lisiloweza kurudishwa, lazima ubaki uzito fulani. Si mzito wa kumshinda anayekusudia, lakini watosha kumzuia asiyekusudia. Katika katekisimu tunafundisha jambo lililo karibu na hilo: dhambi haiwi ya mauti mpaka mtu ajue analotenda na kulikubali kwa hiari kamili. Nasi tuliofundishwa ualimu tulizoezwa kuuliza swali, kisha kunyamaza kidogo kabla ya kumwita mwanafunzi ajibu. Kimya hicho kifupi humpa kila mmoja nafasi ya kufikiri.

Vijana, tuseme wazi. Tumeona ujumbe wa maneno mawili, "wamekwisha kufika", ukirushwa katika simu bila kuhakikishwa, na akina mama wakishika barabara ya Sake usiku, watoto mgongoni, kumbe hakuna aliyefika. Tumesikia neno moja juu ya kabila la jirani likibomoa urafiki wa wazee wawili. Tumeona kijana akikubali kuingia katika kundi lenye silaha kwa hasira ya jioni moja. Kukubali kulichukua dakika, na kurudi nyumbani kulichukua miaka. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kidole kinachobonyeza simu hakina mwamuzi wa kukipimia gramu 500. Uzito huo itatubidi tuutie sisi wenyewe.

Tena, springi hununuliwa, mkono haununuliwi. Károly Takács wa Hungaria, askari na mpiga shabaha, aliharibiwa mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938. Alijizoeza kwa mkono wa kushoto, na akashinda dhahabu ya Olimpiki kwa bastola mjini London mwaka 1948, kisha Helsinki mwaka 1952. Hakuna kipande cha chuma ambacho kingemfanyia kazi ile. Vivyo hivyo, moyo usiofyatuka ovyo haupatikani kwa siku moja. Hujengwa kwa kujizuia katika mambo madogo: jibu lisilotolewa kwa ukali nyumbani, uvumi usiopitishwa, ahadi isiyotolewa katika hasira.

Maswali ya kujadiliana katika shirika:

1. Ni matendo gani katika maisha yetu hapa ambayo, yakishatendeka, hayarudi?

2. Habari ya hatari ikifika katika simu yako, utamwuliza nani kwanza kabla ya kuipitisha?

3. Rafiki akikuambia leo jioni kwamba anakwenda porini kujiunga na kundi, utamwomba angoje nini, na utangoja pamoja naye wapi?