Ukuta uliosimama ukanichemshia maji

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu ni ukuta wa atomi 1000.

Rafiki yangu anayesomea fizikia aliniomba nimwandalie uigaji katika LAMMPS, programu ya bure inayokokotoa mwendo wa kila atomi, hatua kwa hatua. Alitaka molekuli 1000 za maji, yaani atomi 3000, kando ya ukuta wa kaboni usiopinda wala kutikisika. Kwanza ukuta usimame, baadaye uyasukume maji.

Kuusimamisha ni rahisi. Unaipa kasi yake sufuri, na kila hatua unafuta nguvu zote zinazousukuma kwa amri ya "fix setforce". Nikaona halijoto imetulia kwenye kelvini 300, nikamtumia matokeo.

Siku chache kabla ya kumwonyesha msimamizi wake, akanipigia: mbona maji haya yanakimbia hivi?

Nilikesha nikitafuta. Halijoto katika uigaji ni wastani wa nishati ya mwendo wa atomi. Mimi nilikiacha kidhibiti joto kihesabu atomi zote 4000, ilhali 1000 hazisogei. Ni kama kuchukua mishahara ya watu watatu na kuigawa kwa wanne. Kidhibiti kikaona baridi, kikazidi kupasha mpaka wastani ukafika 300. Maji yenyewe yalikuwa karibu kelvini 400, yaani sentigredi 127!

Dawa ni kutenga makundi. Kidhibiti joto kihesabu maji peke yake. Ukuta upewe amri yake, "fix move", na kasi isiyobadilika. Sisi tulitumia angstromu 0.1 kwa pikosekunde, ambayo ni mita 10 kwa sekunde. Usipoutenga, hata mwendo huo wa ukuta utahesabiwa kuwa joto. Na ukitaka maji ndiyo yausukume ukuta, kuna "fix rigid": inajumlisha nguvu za atomi zote za ukuta na kuusogeza kama kipande kimoja.

Tulirudia kila kitu kwa siku nne, mimi nikiomba stima isipotee. Grafu mpya inasoma kelvini 300, sawa kabisa na ile ya kwanza. Ila safari hii ni maji ndiyo yanayosoma hivyo.