Divai ya mseto na mchuzi wa nyama

Wengi wetu tuliolelewa humu nchini tulilijua neno divai kanisani kabla ya kuijua divai yenyewe mezani. Ndiyo sababu mgeni akiona chupa karibu na bakuli la nyama nyumbani kwa mtu, hukohoa kidogo na kuangalia pembeni. Mimi huiweka mezani Jumapili moja moja, na leo ningependa tuizungumze bila kukohoa. (Nawe ambaye hujatimiza miaka 18, soma tu upate kujua, kwani sheria hairuhusu uuziwe.)

Ninayoisema ni divai nyekundu ya mseto, ile ambayo chupa yake aghalabu huandikwa “Red Blend”. Usidanganywe na wajuaji wanaodai kuwa mseto ni mabaki yaliyokorogwa pamoja. Kule Bordeaux, nchini Ufaransa, mseto ndio desturi yenyewe: zabibu za Cabernet Sauvignon huleta ukali na nguvu, nazo za Merlot huleta ulaini. Huko Afrika Kusini baadhi ya watengenezaji hutia pia Pinotage, zabibu iliyopatikana mwaka wa 1925 wakati Profesa Abraham Perold alipozalisha pamoja aina mbili, Pinot Noir na Cinsaut. Kila moja humsaidia mwenzake, jambo ambalo hatukuliona sana katika serikali yetu ya mseto ya 2008 hadi 2013.

Lakini ukiinywa peke yake, divai hii hukausha ulimi mithili ya chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye birika. Kinachofanya hivyo ni tanini, itokayo katika maganda na kokwa za zabibu, ambayo hushika protini zilizomo katika mate. Sasa tafuna kwanza kipande cha nyama kilichonona, kisha upige funda. Tanini hupata protini na mafuta ya nyama ya kushikana nayo, na ule ukali hupoa. Kwa hivyo mimi hununua kilo moja ya kidari, nikaipika kwa moto mdogo muda wa saa mbili hivi pamoja na vitunguu, nyanya na karoti, dania ikiingia mwisho. Ugali na sukuma wiki havikosekani. Pilipili iweke kando, kwa sababu huzidisha mwako wa pombe. Samaki naye hapatani na divai nyekundu. Mara nyingi huacha ladha kama ya chuma mdomoni.

Usiinywe ikiwa vuguvugu. Wanaosema inywewe kwa joto la chumba wanafikiria vyumba vya Ulaya, si sebule ya Mombasa saa saba mchana. Nyuzi 16 hadi 18 zatosha, yaani nusu saa hivi ndani ya friji.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano. Sisi wawili hunywa glasi moja moja, tukaziba na kurudisha kwenye friji, na inayobaki hadi Jumatano huishia ndani ya sufuria. Kuna wanaodai kuwa ni dawa ya moyo. Uvumi huo ulishika kasi mwaka wa 1991 baada ya kipindi kimoja cha televisheni huko Marekani, ila Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Anayeinywa basi ainywe kwa ladha yake, wala asijidanganye kuwa anajitibu.

Zamani mume wangu alikuwa akinywa Jumapili pamoja na rafiki zake huko nje, chakula chake kikikaa mezani kimefunikwa kwa sahani hadi usiku. Siku hizi hula pamoja nasi, nao watoto humwona baba akinywa glasi moja na kuiacha hapo.

Kuna Jumapili ambazo chupa haitoki kabatini. Ndugu yangu aliacha pombe mwaka wa 2019, baada ya kumgharimu kazi na karibu ndoa yake. Akija kula kwetu, sote hunywa maji ya ukwaju. Mara ya kwanza mume wangu alinung'unika.

“Mama watoto, shemeji ni mtu mzima. Anajua kujizuia.”

“Anajizuia Jumatatu hadi Jumamosi,” nikamjibu. “Kwangu apumzike.”

Kitinda mimba wetu aliuliza siku hiyo, tena mbele ya mgeni, mbona ile chupa nyekundu haipo. Nilikuwa natafuta la kusema, ndugu yangu akanitangulia: “Ni kwa sababu mjomba wako akiionja hajui kuacha.” Mtoto akatikisa kichwa, akaomba kipande kingine cha nyama. Mume wangu ndiye aliyeinuka kwenda kuongeza maji ya ukwaju kwenye jagi, na tangu siku hiyo hajalizungumzia tena suala hilo.