Unga Mweupe na Maua Mekundu

Ukitoka River Road ukashika njia ya magharibi, utapita Chiromo, upite Westlands, kisha ufike Kangemi, mahali ambapo mapaa ya mabati yamesongamana kando ya Waiyaki Way. Mabati hayo huvikwa zinki ili yasiliwe na kutu upesi. Zinki ikiungana na oksijeni huwa unga mweupe, ambao labda umeuona katika mafuta ya kupaka watoto wachanga. Unga huo uliniaibisha siku moja, nami nataka kukusimulia aibu yangu.

Nilikuwa ningali mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nikifundisha kwa majaribio katika shule moja ya upande huo. Nilikuwa nimesoma kwamba kioo chaweza kutoa umeme kwa msaada wa rangi ya maua. Kazi yake ni hii. Oksidi ya zinki haishiki nuru tuionayo. Huirudisha karibu yote, ndiyo sababu ni nyeupe. Basi huvikwa rangi. Nuru huipiga rangi, rangi huachia elektroni, nayo elektroni hupita katika unga mpaka kwenye kioo, hufuata waya, kisha huirudia rangi kwa njia ya maji ya iodini. Yafaa unga uwe laini mno, wa chembe za nanomita 20 hivi, ambazo 4,000 zikipangwa mstari mmoja hazizidi unene wa unywele. Rangi ifanyayo kazi ni ile tu iliyogusana na unga, na chembe zikiwa ndogo pa kugusana huwa pengi.

Nilinunua mita River Road, na choya kavu sokoni. Nikapaka uji wa unga juu ya kioo kinachopitisha umeme, nikakikausha juu ya jiko la makaa, nikakitia katika maji mekundu ya choya. Msimamizi wangu alikuwa ameketi nyuma ya darasa. Tulipotoka juani, sindano ya mita haikutikisika.

Msichana mmoja aliinama akakitazama kioo. "Mwalimu," akauliza, "ule weupe umekwenda wapi?"

Nilimwambia aketi, kwa kuwa wakati umekwisha. Katika daftari langu niliandika kwamba jua lilikuwa hafifu. Jua lilikuwa kali.

Swali lile lilikataa kuniacha. Choya ni chachu kama ukwaju, na oksidi ya zinki huyeyuka katika asidi. Kwa hiyo niliulisha unga wangu kwa maji yale mwenyewe. Baadaye nilifahamu kwamba wataalamu nao wamesumbuliwa na jambo hilo. Mwaka 1968 Wajerumani Heinz Gerischer na Helmut Tributsch walichapisha uchunguzi wa fuwele za oksidi ya zinki zilizotiwa rangi. Lakini seli iliyopata sifa, ile ya Brian O'Regan na Michael Grätzel wa Uswisi ya mwaka 1991, ilitumia oksidi ya titani, nayo ikageuza asilimia 7 hivi ya nuru kuwa umeme. Elektroni hukimbia vyema zaidi katika zinki, ila rangi zilizo bora zina asidi ndani yake, na asidi hiyo huitafuna. Pale Chiromo, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafizikia wamezichunguza seli za namna hii kwa miaka mingi, na rangi za mimea pia. Nilikuwa nikipita mlangoni pao kila siku kwa matatu, nisijue.

Kabla ya majaribio yangu kwisha nilisimama mbele ya darasa lile nikaungama kwamba jua halikuwa na kosa, na kwamba swali nililolinyamazisha ndilo lililokuwa somo. Ilikuwa vigumu kuliko nilivyodhani. Kisha tukapaka unga upya, na badala ya choya tukatumia majani ya mchicha yaliyolowekwa katika spiriti.

Sindano ilisogea, kidogo sana. Wengine walishangilia. Msichana yule hakushangilia. Alikifunika kioo kwa kiganja chake, akaitazama sindano ikirudi, akakifunua tena.