Siku tano Kigoma, sisi wawili tu



Siku ile mkutano ulipokwisha, mama mmoja alitutupia swali mbele ya watu: "Ni kweli mliacha watoto mkaenda kuoga ziwani Kigoma, na sisi tuko na ziwa hapa?" Watu walicheka, na sisi tukacheka. Lakini swali ni la haki. Tunalijibu hapa.

Sisi ni mke na mume wa Kalemie. Mmoja anafundisha shule ya msingi, mwingine ni fundi wa mbao. Tumeoana miaka 11, Mungu ametupa watoto 4. Katika miaka hiyo yote hatukuwahi kulala nje ya lupango yetu sisi wawili pamoja, isipokuwa kwa matanga na hospitali. Nyumbani mazungumzo yalikuwa ya aina moja: unga umekwisha, makala imekwisha, minervali inadaiwa. Hata kugombana tulikuwa tumeacha. Majirani walisema nyumba ile ina amani. Sisi tulijua ni ukimya tu.

Mwezi wa sita zamu yetu ya likelemba ilifika: dolari 300. Mpango ulikuwa mabati ya jikoni, maana mvua ikinyesha tunapika na sufuria mbili sakafuni za kukinga maji. Aliyetugeuza mawazo ni mama mkwe. Alisema: "Nimeishi na mzee wenu miaka 40. Alipokufa watu waliniuliza alipenda nini, nikakosa jibu. Nendeni popote. Watoto nitabaki nao."

Tulichagua Kigoma kwa sababu meli za mizigo zinavuka kutoka kwetu na huchukua abiria. Tukiwa hapa Kalemie tusingepumzika. Mtu angekuja kupiga hodi kila saa.

Kupata makaratasi kulitaka uvumilivu. Katika ofisi moja tuliombwa pesa juu ya bei iliyoandikwa ukutani. Tuliomba risiti. Tulingojeshwa saa nne, kisha tukapita bila kuongeza kitu. Mama anayetaka kusafiri ajue hilo: beba maji, beba kitabu, omba risiti kwa heshima.

Tulivuka usiku, tumekaa juu ya magunia, kikwembe kimoja kikitufunika wote wawili. Watoto wa shule tunawafundisha kila mwaka kwamba Tanganyika ina urefu wa kilomita karibu 670 na kina cha mita 1470, na kwamba nchi nne zinaigawana. Usiku ule, upepo wa kiangazi ukisukuma mawimbi, somo lile lilituingia mwilini. Mmoja wetu alitapika, mwenzake akamshika kichwa hadi asubuhi.

Kigoma ni mji uliokaa kati ya vilima na maji. Karibu na bandari kuna stesheni ya gari la moshi, mwisho wa reli itokayo Dar es Salaam, iliyofika hapo mwaka 1914. Tulipata chumba safi katika nyumba ya wageni mtaa wa Mwanga. Pale mapokezi Baba watoto alisema kwa heshima zote: "Huyu ni bibi yangu." Yule dada wa mapokezi alishangaa: "Bibi yako? Mbona bado kijana?" Kumbe kwao bibi ni yule tunayemwita nkambo! Siku zote tano mke aliitwa "bibi kijana", na tulicheka kama hatujacheka miaka mingi.

Siku ya pili tulipanda daladala hadi Ujiji. Pale ndipo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na kuna nyumba ya kumbukumbu na miembe. Lakini kilichotukamata ni jambo lingine. Njia ya misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitoka Ujiji ikaenda hadi Bagamoyo, kwenye bahari. Wengi waliovutwa kwa kamba walitoka upande wetu, Manyema na kwingineko, wakavushwa ziwa hili hili. Mama mmoja aliyetuuzia karanga alitueleza kwamba nkambo wa nkambo wake alikuwa Mmanyema. "Kijiji gani?" tukauliza. Alitikisa kichwa. "Hakuna aliyemuuliza mapema." Tulikumbuka maneno ya mama mkwe, tukatembea kimya mpaka kwenye maji.

Jioni ni chakula. Hapa, wamama, tutakaa kidogo. Samaki tunayemwita mikebuka, wao wanasema migebuka. Wanampasua mgongoni, wanatia chumvi na limau, wanamchoma pole pole kwenye makala hadi ngozi ikauke. Analetwa na ugali wa muhogo, kachumbari na pilipili. Siku nyingine tulikula kuhe, samaki mkubwa mwenye nyama nene, aliyepikwa kwa mawese. Mawese ya Kigoma yana sifa, lakini tuliyaonja tukakubaliana kwamba ya kwetu hayajashindwa. Na ugali ule hatukuusonga sisi! Mtu mwingine aliupika, mtu mwingine aliosha sahani. Mama watoto alikaa pale mikono ikimwasha, hajui aiweke wapi.

Asubuhi iliyofuata tulitembea Kibirizi, wanakoanika dagaa, ndio ndakala zetu. Wengine wanamwaga juu ya mchanga kama tunavyofanya sisi. Wengine wanaanika juu ya chanja, nyavu zimefungwa kwenye miti kufika kiunoni. Hewa inapita juu na chini, samaki wanakauka upesi na hawana mchanga. Wauzaji walituambia hizo ndizo zinazopata bei. Mume alipima chanja kwa mikono yake, akachora kwenye karatasi. Wamama wa ndakala wanaotaka mchoro waje, tunao.

Siku ya nne ndiyo ile tunayotaka kuieleza kweli. Tuliondoka mapema kwenda kwa miguu hadi ufuko wa Jakobsen, kusini ya mji, upande wa Katonga. Badala ya kufuata barabara tulipanda vilima, majani makavu hadi magotini, mawe yanateleza. Tulipotea. Jua likawa kali, maji ya kunywa yakaisha. Tukaanza kulaumiana, kwanza juu ya njia, kisha juu ya mambo ya miaka saba iliyopita. Tulisimama juu ya kilima tukipaza sauti, na mbuzi wawili wakitutazama. Tulitafuta milima ya kwetu ng'ambo ya ziwa, lakini moshi wa kiangazi ulikuwa umeifunika.

Tuliteremka bila kusema neno, tukalipa kiingilio kidogo, tukaingia majini na nguo zetu. Maji pale ni maangavu, unaona vidole vya miguu yako na samaki wadogo wakivizunguka. Baadaye, tumekaa kwenye mchanga, mmoja wetu alitoboa siri: alikuwa na deni la dolari 180 tangu mwaka uliopita, alilokopa kwa matibabu ya ndugu yake, na mwenzake hakujua. Yule mwingine alinyamaza muda mrefu. Kisha naye alisema: alikuwa na dolari 120 katika likelemba nyingine, kwa ajili ya masomo ya binti yetu mkubwa, na mwenzake hakujua.

Nani alikuwa na deni na nani alikuwa na akiba, hatutaandika. Tunawajua, mtabashiri tu.

Haikuwa rahisi. Mwenye akiba alilia. Alisema akiificha ni kwa sababu kila pesa inayoonekana nyumbani inaliwa. Mwenye deni alisema alilificha kwa haya. Sote wawili tulikuwa tumeogopana. Hadi jua linashuka tulikubaliana nusu ya akiba, dolari 60, ipunguze deni, na nusu nyingine isiguswe hata nyumba ikiungua. Tukaafikiana pia kuwa na daftari moja, tunalolifungua pamoja kila siku ya posho jioni, watoto wakisha kulala.

Sasa hesabu, maana mtauliza. Meli kwenda na kurudi, watu wawili: dolari 90. Makaratasi: 60. Malazi: 40. Chakula: 45. Daladala, maji na kiingilio: 15. Jumla 250. Zile 50 zilizobaki zilinunua mabati matano. Upande mmoja wa jiko umefunikwa, upande mwingine bado tunaweka sufuria. Deni leo limebaki dolari 90.

Basi mama uliyetuuliza, ni kweli, ziwa ni lile lile. Hata mchanga wa kwetu ni mzuri, na vilima vya nyuma ya mji vinatosha kumchokesha mtu. Asiye na pesa ya meli aende kwa miguu asubuhi moja, na mwenzake, bila watoto, bila simu, na kipande cha samaki kwenye mfuko. Lakini waende mbali kidogo na lupango, mahali ambapo hakuna atakayepiga hodi kabla hawajamaliza kusema.

Mama mkwe, tuliporudi, hakuuliza habari za Kigoma. Alimuuliza mke: "Sasa, anapenda nini?" Akajibiwa: kuhe wa mawese, na kushikwa kichwa akiugua. Mzee alicheka, kisha akafuta macho kwa pindo la kikwembe.