Lutuku Haileti Moto
Nimefundisha biolojia hapa Manika kwa miaka mingi, na somo moja nimelifundisha kombo. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba sisi wa Kolwezi, kwa kuwa mji wetu uko juu, mita 1,400 na zaidi, na usiku wa Juni na Julai baridi yake hukata, miili yetu imezoea kuunguza chakula kwa kasi hata tukiwa tumetulia. Umetaboli wetu wa msingi uko juu, nikasema. Nikaongeza la mitaani: kikombe cha pombe ya lutuku huuchochea moto huo.

Chanzo changu hakikuwa na kosa. Watafiti wamewapima Waevenki wa Siberia na wenyeji wengine wa nchi za barafu, wakakuta miili yao hutumia nishati nyingi kuliko hesabu za kawaida zinavyotabiri, na homoni za tezi ya shingoni zina mchango. Mimi nikalichukua vazi la Siberia nikatuvika sisi. Wale huishi miezi mingi chini ya sifuri. Baridi yetu ni ya usiku, tena wa kiangazi tu, na jua likipanda kila mtu ana koti mkononi. Isitoshe, umetaboli wa msingi hupimwa mtu akiwa macho, amelala chali, hajala tangu jana yake, katika chumba kisicho na baridi wala joto kali. Mlinzi anayetetemeka getini usiku hayumo katika hesabu hiyo. Kutetemeka kwaweza kuzidisha joto la mwili uliotulia hata mara tano hivi, lakini hiyo ni kazi ya misuli, na inakula akiba yake ya sukari. Kuna pia mafuta ya kahawia, yanayotoa joto bila mtetemo. Watoto wachanga huyategemea, na mwaka 2009 tafiti zilionyesha wazi kuwa watu wazima nao wanayo.

Hayo niliyajua nusunusu. Nusu ya pili nilifundishwa na mlinzi wa usiku wa mtaani kwetu, mzee ambaye mjukuu wake alisoma darasani kwangu. Usiku mmoja wa Julai alilinda na njaa, akanywa lutuku. Alfajiri tulimkuta ameegemea ukuta, koti wazi, maneno yanamgongana mdomoni. Hakuwa akitetemeka. Nikasema, huyu ameshapata joto. Mke wangu ndiye aliyemtia mkono kifuani chini ya shati, akapiga kelele. Tukamfunga mablanketi, tukamkimbiza hospitali. Alipopona aliniambia bila hasira: "Mwalimu, ni weye ulisemaka lutuku inaleta moto."

Pombe hutanua mishipa ya damu ya ngozini. Mnywaji anajisikia vizuri, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka nje. Pombe pia hupunguza mtetemo, na kwa mwenye njaa huzuia ini kutengeneza sukari. Joto la ndani likiwa chini ya nyuzi 35, mtu yumo hatarini. Likizidi kushuka, mtetemo hukoma. Mzee alikuwa akififia, nami nikamhesabu mzima.

Mliosoma kwangu, futeni kwenye madaftari kwamba umetaboli wetu uko juu na kwamba lutuku huuchochea. Na wewe mwenye mlinzi langoni, kiangazi hiki mpe bukari (ugali) ya jioni, koti zito na chai yenye sukari. Mbabula ya makaa aiote nje. Katika kibanda kilichofungwa, hewa ya makaa huua.