Chumba chenye dirisha melini: ni cha nani katika familia?

MAMA mmoja mzaliwa wa Mombasa, anayeishi na mumewe na watoto watatu mjini Kent, kusini mwa Seattle, alikaa mezani usiku mmoja wa mwezi wa pili akitazama bei tatu kwenye simu yake. Ya kwanza ilikuwa ya chumba cha ndani, kisicho na dirisha lolote. Ya pili ilikuwa ya chumba chenye dirisha linaloangalia bahari, ila halifunguki. Ya tatu ilikuwa ya chumba chenye roshani, mlango wa kioo na viti viwili vya kukalia nje. Meli ni ile ile, chakula ni kile kile, na siku saba ni zile zile, kutoka Seattle kwenda Alaska na kurudi. Lakini kwa watu sita, tofauti kati ya bei ya kwanza na ya tatu ilitosha kumkatia mtu mmoja tiketi ya ndege ya kwenda Nairobi.

Safari yenyewe ilipangwa kwa ajili ya mama mkwe. Bibi alikuwa anakuja kutoka Likoni kuwaona wajukuu kwa mara ya kwanza, na kwa jinsi magoti yake yalivyo, pengine ya mwisho. Maisha yake yote ameziona meli kubwa zikiingia Kilindini, akiwa juu ya feri au ufukweni. Marehemu mumewe alipakua mizigo yake bandarini humo miaka na miaka. Mwanawe alitaka, angalau mara moja, mama yake apande meli kama abiria.

"Mle si tutalala tu?" mume alisema alipoona mkewe hajaamua. "Nani huenda baharini akakaa chumbani?"

Hiyo ndiyo hoja ya wengi, na si hoja mbaya. Kwetu daraja la tiketi, la treni au la meli ya ziwani, huamua mtu anakaa wapi na pengine anakula nini. Kwenye meli nyingi za kitalii, ukiacha vyumba vya kifahari kabisa, sivyo. Mwenye chumba cha ndani anakula kwenye meza zile zile, anaogelea bwawa lile lile na watoto wake wanapokewa kwenye klabu ile ile ya watoto. Hata ukubwa wa chumba hautofautiani sana. Cha ndani na cha dirisha vyote huwa na kama mita za mraba 14 hadi 17, choo na bafu humo humo. Kinacholipiwa zaidi ni mwanga na mandhari.

Kwa hiyo mama aliacha kuuliza chumba kipi ni kizuri, akauliza swali jingine: mchana, chumbani atakuwepo nani? Akaanza kuhesabu saa. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na miezi 14 na alilala mara mbili kwa siku, na kila alipolala ilibidi mtu mzima awe naye. Bibi naye hupumzika baada ya chakula cha mchana, na ngazi haziwezi. Wavulana wawili, wa miaka 12 na 8, wangeonekana chumbani wakibadilisha nguo tu. Baba yao vilevile.

Ukipiga hesabu hivyo, familia ya watu sita si kitu kimoja cha kununuliwa aina moja ya chumba. Vyumba vingi vya meli hizi haviruhusu zaidi ya watu wanne, hivyo sita walihitaji viwili kwa vyovyote. Bei nazo zina desturi yake. Wawili wa kwanza katika chumba hulipa bei kamili, wa tatu na wa nne mara nyingi hulipa pungufu, na anayelala peke yake kwa kawaida hutozwa kama wawili. Kumpa bibi chumba chake mwenyewe, wazo ambalo mume alilitoa kwa heshima, kungekuwa ghali kuliko yote. Mpango ukawa hivi: baba na wavulana chumba cha ndani, na mama, bibi na mtoto mdogo chumba cha dirisha, upande wa pili wa korido. Meli imejengwa hivyo, kwamba mlango wa cha ndani mara nyingi hutazamana na mlango wa cha nje. Mtoto akilia usiku, baba ni hatua tatu.

Hapa kuna mtego ambao mzazi anafaa kuujua. Bei ya chini kabisa inayotangazwa mara nyingi ni ya chumba ambacho namba yake huijui. Unalipia aina, na kampuni inakupangia popote palipobaki. Kwa wawili wasio na watoto ni bahati nasibu isiyo na hasara kubwa. Kwa familia yenye vyumba viwili, baba anaweza kujikuta ghorofa ya nane, omoni, na mama ghorofa ya tatu, tezini. Mama yule alilipa zaidi kidogo kwa kila chumba ili achague namba mwenyewe, na hiyo huenda ndiyo pesa aliyoitumia vizuri kuliko zote.

Alichagua ghorofa ya chini, katikati ya meli. Meli nyingi zinazotoka Seattle hupita magharibi ya kisiwa cha Vancouver, kwenye bahari wazi ya Pasifiki, na humo hutikiswa. Ni kama pembea ya ubao: wa ncha mbili ndio wanaopanda na kushuka, wa katikati anasogea kidogo tu. Akahakikisha pia kuwa juu na chini ya vyumba vyao kuna vyumba vingine vya kulala, si ukumbi wa muziki wala jiko.

Na roshani? Kama kuna safari ambayo watu hawajutii sana kulipia roshani, ni ya Alaska, kwa sababu sehemu kubwa ya njia nchi kavu i karibu na milima inapita mbele ya macho kutwa nzima. Wawili waliofunga ndoa juzi waichukue bila kusita. Lakini mtoto wa miezi 14 ni wa umri wa kupanda kila kinachopandika. Ukingo wa roshani humfika mtu mzima kifuani au kiunoni, na viti viwili vya kukalia vikisogezwa karibu yake huwa ngazi. Mlango huwa na komeo la juu, na mhudumu akiombwa huviondoa viti. Hata hivyo mama aliona atalipia mlango ambao angekesha akiulinda. Kwa wanaobana matumizi, kipo pia chumba cha dirisha lililozibwa kidogo na mashua ya kuokolea. Mandhari ni ya kuchungulia, ila mwanga wa mchana unaingia na bei inashuka.

Kabla ya kuondoka kulikuwa na jambo moja zaidi, nalo halihusu dirisha, ila limeshawakwamisha wengi bandarini. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli ya bendera ya kigeni kuchukua abiria bandari ya Marekani na kuwarudisha hapo hapo bila kugusa nchi nyingine. Ndiyo maana meli hizi husimama Kanada, mara nyingi mjini Victoria, hata kama ni kwa saa chache za jioni. Bibi ana pasipoti ya Kenya. Viza ya Marekani peke yake haikutosha. Ilibidi apate na ya Kanada, na viza yake ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.

Usiku wa kwanza wavulana walifurahia giza. Chumba cha ndani, taa ikizimwa, hakina mwanga hata wa tundu la sindano. Baba alilazimika kuacha taa ya bafuni ikiwaka ili wa miaka minane asijigonge. Juni huko Juneau jua huzama saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Wa chumba cha ndani walilala hadi saa mbili asubuhi bila habari. Ng'ambo ya korido, mwanga ulipenya kandoni mwa pazia, na saa kumi na nusu mtoto alikuwa ameketi kitandani akipiga makofi. Kuna kampuni, Disney, ambayo tangu 2011 iliweka kwenye vyumba vya ndani vya baadhi ya meli zake dirisha la duara la bandia, kioo kinachoonyesha picha ya moja kwa moja kutoka kamera za nje. Akina baba wenye usingizi mzito huenda wasione faida yake.

Mjini Skagway baba aliwachukua wavulana kwenye reli ya White Pass, iliyojengwa kati ya 1898 na 1900 wakati wa mbio za dhahabu. Mama na bibi walibaki na mtoto. Karibu saa tano walikuwa chumbani, mtoto amelala, bibi ameketi kwenye kochi chini ya dirisha na miguu juu ya mto, akisuka ukili aliokuja nao kutoka nyumbani. Kila mara akisita, anatazama nje. "Haya maji yana rangi ya maziwa," alisema. Ni vumbi la mawe yaliyosagwa na barafu, linaloletwa na mito. Saa tano hizo, mama alisema baadaye, katika chumba kisicho na dirisha zingemfanya amwombe radhi mama mkwe.

Siku iliyotazamiwa zaidi ilikuwa ya Glacier Bay. Humo abiria wa meli kubwa hawashuki nchi kavu. Askari wa hifadhi hupanda melini asubuhi kwa boti na kueleza, na kwa siku meli kubwa zisizozidi mbili tu ndizo zinazoruhusiwa kuingia. Walieleza kuwa mwaka 1794 ghuba hiyo haikuwepo karibu yote, barafu ilikuwa imeijaza hadi karibu na mdomo. Kufikia 1916 ilikuwa imerudi nyuma takriban kilomita 100. Mwisho wa ghuba umesimama ukuta wa Margerie, wenye upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu na kimo cha mita 75 hivi juu ya maji, wa rangi ya samawati isiyofanana na ya mbingu.

Watu wote walipanda sitaha ya juu na makoti yao. Bibi hakuweza, upepo ulikuwa mkali. Meli ilizunguka polepole ili kila upande uone, na ukuta ukaja wenyewe dirishani, ukalijaza. Kipande kikubwa kama nyumba kikamomonyoka, kikaanguka majini, na maji yakaruka.

Bibi aligeuka. "Mbona laanguka kimya?"

Kioo hakifunguki. Ni nene, na sauti haipiti. Hapo mama aliiona gharama ya chaguo lake, kwani mwenye roshani angekuwa amesikia. Akampigia mumewe. Mume akashuka, akamwachia mkewe mtoto, akamfunga mama yake blanketi mbili na skafu ya mjukuu, wakapanda lifti hadi sitaha ya matembezi, ambayo haikuwa mbali wala haikuwa juu penye upepo mbaya. Walisimama kama dakika kumi na tano, bibi ameshika mkongojo kwa mkono mmoja na ukingo kwa mwingine. Kipande kingine kilianguka. Kwanza maji yaliruka, kisha kidogo baadaye ukaja mlio, mzito kama radi. Bibi alisema mlio huo aliujua. Ni wa kontena likiangushwa gatini usiku, na wao wako Likoni wamelala.

Mhudumu wa korido yao alikuwa kijana wa Changamwe. Siku ya pili aliwasikia wakizungumza, akasimama na mashuka mikononi. "Shikamoo, bibi." Alikuwa na miezi minne melini, na mingine minne mbele yake. Alipoulizwa analala wapi, alicheka: chini ya usawa wa maji, wawili katika chumba, hakuna dirisha. Alisema kwa kazi yake anazijua saa za kila chumba. Vyumba vya ndani anavisafisha upesi kwa kuwa havina mtu. Vya dirisha na roshani hugonga na kusubiri, hasa kwenye wazee na watoto.

Tangu siku hiyo, kila walipotoka kwenda kula kifungua kinywa, mama alikuwa na mazoea ya kuvuta pazia ili chumba kisipate joto. Bibi alimzuia.

"Liache wazi, mwanangu. Huyu kijana atakuja kutandika."